Breki ya Nyuma Kushoto

Papa,

Nimeligusa gari lako.

Najua ulinikataza. Ulikuwa kwenye kitanda cha hospitali, upande mmoja wa mwili umekwisha kufa, mdomo umepinda, na neno moja kwako lilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Ukanishika mkono ukasema, "Josée, ile gari musiguse." Ukarudia. Nikadhani unatuonea huruma. Nikawaambia watu kwenye matanga yako kwamba hata ukiwa unakata roho ulituwazia, mimi na Mama, tusije tukaumizwa na gari lenye damu. Nilisema hivyo mbele ya padri, Papa. Wamama walilia kwa maneno yangu. Nikikumbuka sasa, uso unaniwaka.

Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Nikupe kwanza habari za nyumbani, maana hata nikiwa nimekukasirikia namna hii wewe bado ni baba yangu. Paa la jiko linavuja pale ulipokuwa ukisema utaziba. Mama amehamia upande wako wa kitanda. Majirani wanaendelea kufunga mbuzi zao kwenye nyasi za uwanja wa zamani wa ndege, na yule dume mkorofi uliyekuwa ukimrushia mawe amekufa. Mimi bado natengeneza pikipiki pale kona, bado nanawa mikono kwa mafuta ya mazutu na mchanga kama ulivyonifundisha.

Mama ndiye aliyetaka gari liamke. Alilitazama kila siku likiwa nyuma ya nyumba, juu ya magogo, limefunikwa turubai, kuku wanataga ndani yake. Asubuhi moja aliinuka akalivua turubai peke yake. "Miaka mine tunaiogopa," alisema. "Hii iko chuma tu. Tengeneza, tubebee watu matofali, tukule."

Nilisafisha tangi, nikabadilisha mafuta, nikaazima betri. Siku ya tatu injini ilishika. Ungeisikia ungefurahi, na mimi nilifurahi hata nikasahau kwamba umekufa, nikageuka kukuangalia. Kisha nikakanyaga breki. Pedali ilishuka mpaka chini kama mguu unaozama kwenye tope. Nilijaza mafuta ya breki, nikamwambia Mama apande, akanyage na kuachia. Nikalala chini kutazama. Yalikuwa yakidondoka nyuma, upande wa kushoto, juu ya ekseli.

Kabla sijasema nilichokiona, acha nikukumbushe siku ile. Wewe ndiye uliyeisimulia mara nyingi kuliko wote, na kila mara uliacha kitu.

Yaya Dido, kaka yangu na mwanao wa kwanza, alikuwa akirudi na mpunga kutoka vijijini. Juu ya magunia alikaa Mama Régine, jirani yetu wa nyumba ya tatu, ambaye alifanya biashara kwa gari letu tangu mimi bado nina meno ya utoto. Kwenye mteremko, mbele ya daraja la magogo, gari halikusimama. Yaya aliliegemeza kwenye ukingo wa udongo ili lisiingie mtoni. Likalala ubavu. Mama Régine alirushwa, magunia yakamfuata. Alikufa palepale, kabla hawajamaliza kuyatoa.

Yaya alifungwa siku hiyohiyo. Kwenye matanga ya Mama Régine ulisimama mbele ya mtaa mzima, kofia mkononi, ukasema, "Batu ya avenue, munisamehe. Mutoto wangu alikuwa amekunywa." Yaya hakuwepo kukujibu. Ndani ya gari walikuta chupa ya pombe ya lotoko, ya abiria fulani aliyekimbia, na chupa ile iliwatosha. Hakuna aliyeingia chini ya gari. Wewe mwenyewe ulikwenda kulichukua, ukalivuta mpaka nyumbani, ukalifunika, ukasema halitatembea tena. Watu wakasema, ona mzee anavyoheshimu maiti.

Yaya Dido hanywi pombe, Papa. Tumbo lake haliikubali. Kwenye arusi alikuwa akishika chupa moja ya soda kwa muda wa saa tatu. Nililijua hilo, Mama alilijua, na tulikuamini wewe.

Alipotoka gerezani baada ya miezi saba, amekonda, nywele zimeanguka upande mmoja, Mama alimkuta kwenye lango. Hakumpokea mfuko. Alimwambia, "Batoto ya Régine wanapita hapa kila siku. Nikikuingiza, nitawaangalia na macho gani?" Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Sikutoka. Alipanda boti akaenda Yanonge kwa wajomba, akajifunza kuvua samaki akiwa mtu mzima.

Na siku ya maziko yako alikuja. Hukujua hilo. Alifika asubuhi, amevaa shati la kuazima lililombana mabega. Vijana wa avenue walimzuia asiingie parseli ya nyumba yetu. Alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha kibanda cha kuuza mikate ya kukaanga, mpaka jeneza lako lilipopita. Alivua viatu lilipopita. Kisha akaondoka, hakunywa hata maji.

Sasa nirudi chini ya gari.

Nilizuia magurudumu kwa mawe, nikaingia na mfuko wa plastiki chini ya mgongo. Bomba kuu la breki linakuja nyuma kwenye chasi, linafika kwenye kichwa chenye midomo mitatu, linagawanyika: moja gurudumu la kulia, moja la kushoto. La kulia lilikuwa zima. La kushoto lilikuwa na mpira wa ndani wa baiskeli uliozungushwa, mpira wa zile toleka za kubeba abiria, na juu yake waya umefungwa. Ninaujua ufungaji wako wa waya. Unazungusha mara tatu, unarudisha ncha ndani ili isichome mtu mkono. Hakuna mwingine anayefunga hivyo Kisangani nzima.

Nilikata waya. Mpira ulikuwa umeshikana na kutu, ukatoka vipande vipande. Ndani yake bomba lilikuwa limekatwa. Likakunjwa. Likapondwa kwa nyundo mpaka likawa bapa kama ulimi. Sehemu iliyobaki, ile ya kwenda gurudumuni, haikuwepo kabisa. Na pale kwenye kunjo palikuwa na ufa, mwembamba, unaotosha ukucha.

Nililala pale muda mrefu. Mafuta yalinidondokea shingoni, nikayaacha.

Niliwahi kukuuliza zamani, nikiwa najifunza, kama bomba moja likitoboka mtu anaweza kulikunja tu aendelee na magurudumu matatu. Ulinipiga kofi la kisogo, la mzaha. "Wa namna hiyo wanaua batu," ulisema. "Ukiikanyaga kwa nguvu, itapasuka pale ulipokunja, na mafuta yote yatatoka, ya mbele na ya nyuma." Ulilijua jambo lile kuliko mtu yeyote. Ulinifundisha wewe!

Sikujua la kufanya, basi nikafanya kazi. Nilikwenda mjini Makiso kwa baiskeli, nikanunua bomba jipya la shaba, nikaazima kifaa cha kupanulia mdomo wa bomba kwa fundi mmoja mliyefahamiana naye. Alisema, "Papa yako alikuwa mutu wa kazi safi." Nikasema ndiyo.

Nati ya zamani ilikuwa imekula kutu. Niliilowesha kwa mazutu tangu jana yake, na bado ufunguo wa nati uliteleza, ukanichuna vidole. Nililipinda bomba jipya kidogo kidogo kwa kulizungusha kwenye chupa lisivunjike, nikapanua mdomo vizuri sana, mviringo, bila ufa. Ndipo nikaona nati iko mezani. Nilisahau kuivalisha kwanza. "Ekuru kwanza, mudomo nyuma," ulikuwa ukiniimbia hivyo kila mara. Nilikata, nikaanza upya. Nililia kwa ajili ya nati, Papa. Kwa hayo mengine bado sikuwa nimelia.

Jioni Mama alipanda kwenye kiti chako kunisaidia kutoa hewa. Mimi chini, mpira mwembamba kutoka gurudumuni mpaka kwenye chupa ya maji. "Finya, Mama. Shikilia. Achilia." Mapovu yalitoka, yakapungua, yakaisha. Juu nikamsikia akisema kwa sauti ya furaha ambayo sijaisikia tangu ufe, "Imekuwa nguvu! Josée, mguu haushuki tena!"

Akateremka. Lile bomba la zamani lilikuwa juu ya gunia, mahali nilipoliweka bila kufikiri. Mama ni mke wa dereva kwa miaka thelathini na zaidi. Aliinama, akaliokota, akapitisha kidole kwenye kunjo. Akatazama waya.

Alikwenda kuanua nguo, akazikunja zote, hata zenye maji. Kisha, akiwa amenipa mgongo, akasema, "Nilimufukuza mutoto wangu bure."

Mpaka leo hajasema neno jingine juu yako. Picha yako ameiacha ukutani. Haitazami, haiiondoi.

Juma lililofuata nilipanda boti kwenda Yanonge, na lile bomba limefungwa kwenye kitambaa. Njia nzima nilipanga maneno. Nilifikiri ninamletea yaya habari ya kumfungua. Nilimkuta kwenye mchanga akishona wavu. Ana mvi sasa, Papa, kabla ya wakati wake. Nilikifungua kile kitambaa mbele yake. Aliangalia kwa muda wa mtu anayesoma jina, akanirudishia.

"Ninaijua," alisema. "Ulifikiri siijui?"

Akanieleza yote huku akiendelea kushona. Kwamba siku mbili kabla ya safari alikuambia pedali inashuka. Kwamba uliingia chini ya gari, ukatoka, ukamwambia, "Nimeifunga. Itafika." Kwamba alikuuliza, umeifunga namna gani, na ulicheka. Kwamba ulipomtembelea gerezani mara ya kwanza ulipiga magoti kwenye sementi mbele ya wafungwa wengine. Wewe, ambaye hata kanisani ulikuwa unakaa kwa sababu ya goti lako bovu. Ulimwambia, "Dido, wewe uko kijana, watakuachilia. Miye nikiingia humu nitafia humu. Ubebe hii kidogo tu. Ikipoa, nitasema."

Miaka minne, Papa. Ulikuwa unakula, unalala, unakwenda misa ya kwanza. Ulikuwa unakaa barazani na wenzako, mnacheza dama, mnabishana juu ya mpira. Batoto ya Régine walikuwa wakipita, na wewe ulikuwa ukiwasalimia kwanza, kwa heshima, na wao walikuheshimu kwa hilo. Ilikuwa bado haijapoa?

Nilimuuliza yaya kwa nini alikubali. Nilitaka aseme ni kwa upendo, ili nikuchukie vizuri. Hakunipa hiyo. Aliuma uzi akasema, "Kwa sababu nilijua pedale haiko muzuri, nikaendesha. Papa alikunja tuyo ya breki, lakini mukono kwenye usukani ulikuwa wangu. Miye pia niko ndani." Kisha akaniomba ninyamaze. Akasema maiti hawezi kumjibu mtu, na wewe ulikuwa baba.

Kitu kimoja tulibishana. Ulikuwa na funguo zako za nati na siku zote za dunia. Ungeweza kulitoa lile bomba na kulitupa mtoni, na hakuna ambaye angejua kamwe. Yaya anasema uliliacha makusudi, ulitaka lionekane baada yako. Mimi nasema hukuweza kuingia tena chini ya gari lile. Nasema uliogopa. Nikikutazama kwenye picha naona mtu aliyeogopa, na sijui kwa nini sikuliona hilo ulipokuwa hai.

Sikumtii yaya. Niliporudi nilikwenda kwa Charlotte, binti wa Mama Régine, anayeshona nguo Makiso, mashine yake chini ya kibaraza cha duka la vitenge. Unamkumbuka, ulimbeba mabegani kwenye maandamano ya Pasaka. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa. Alizima redio. Aliomba alione. Nililiweka kwenye meza ya mashine, kati ya vifungo na chaki, na lilikuwa fupi kuliko kidole chake.

"Ni hiki tu?" alisema.

Nikasema ndiyo.

"Alijua mbele ya safari, ama alijua nyuma?"

"Mbele."

Alikaa akilitazama. Mteja alikuja, akamwambia arudi kesho. Halafu akasema, "Alikuja kwetu na mufuko ya muchele siku ya arobaini. Mama mudogo wangu alimubusu mikono." Nilitaka kupiga magoti, nikakumbuka ulivyopiga yako, nikabaki wima. Akalifunga bomba kwenye kipande cha kitenge akalitia kwenye droo. "Hii inabaki na miye. Na kaka yako akuje mwenyewe. Asitume mutu."

Nilimtumia yaya ujumbe. Alikaa siku tisa bila kujibu. Kisha Jumamosi iliyopita alishuka bandarini na shati lilelile. Mama alimngoja pale tangu asubuhi, amesimama juani, hataki kiti. Hawakukumbatiana. Mama alimpokea mfuko, akautia kichwani mwake mwenyewe, mwanamke wa umri ule, akatembea mbele.

Tulikwenda watatu kwa akina Régine. Hawakutukaribisha maji. Yaya alisema aliyoyasema kwa Lingala, kwa sauti ndogo, na hakuacha sehemu yake: kwamba alijua pedali mbaya na akaendesha. Yule mama mdogo aliyekubusu mikono alitoka nje akatapika. Charlotte alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, na sisi hatukuomba. Tulipotoka, vijana wa avenue walikuwa wamejipanga juu ya ukuta, walewale waliomzuia siku ya maziko yako. Mmoja alishuka akafungua lango letu, akatupisha.

Yaya alilala nyumbani siku mbili, akarudi Yanonge. Anasema huko ndiko kwake sasa. Ulimpokonya hata hilo la kurudi, Papa. Mtu hawezi kufukuzwa zaidi ya miaka mitatu halafu akaingia tu kama aliyetoka sokoni.

Habari imeenea, wala sikuizuia. Pale maegesho ya malori wameondoa picha yako iliyokuwa karibu na ile ya Bikira Maria. Mwenzako wa dama alikuja kuniuliza kama ni kweli, nikamjibu, akakaa kwenye kiti chako barazani, akatikisa kichwa mpaka nikamwonea huruma kuliko ninavyokuonea wewe.

Gari linatembea. Nimelijaribu kwenye mteremko wa kushukia mtoni, kwanza tupu, kisha na matofali, peke yangu, bila mtu juu. Linasimama. Halivuti kulia wala kushoto. Mara ya pili niliposimama katikati ya mteremko, nilihesabu kazi yenyewe: siku moja na nusu. Kwa fundi kama wewe, nusu siku. Mama Régine angekuwa amechelewa sokoni kwa nusu siku.

Ninachokichukia zaidi ni kwamba ninakukosa. Nilipomaliza kufunga ile nati nilitaka uingie chini, upitishe kidole, useme "Bon" kama ulivyokuwa ukisema, neno hilo moja, ambalo kwangu lilishinda chakula. Hata sasa natamani. Sijui nikupeleke wapi na jambo hilo.

Mwakani tutaondoa matanga yako. Watu watakuja au hawatakuja. Mama ameniambia nizungumze mimi, kwa sababu yaya hataki na yeye hawezi. Nimekubali. Kwa hiyo nakuahidi, Papa, ili usije ukasema hukuambiwa: nitasimama na nitasema ulinifundisha kazi, ukanifanya mtu anayejilisha kwa mikono yake, msichana ambaye wengine walicheka akishika ufunguo. Kisha nitasema ulichofanya chini ya gari, na ulichofanya kwenye matanga ya Mama Régine, na ulichofanya gerezani. Nitaanza na la kwanza, sitaacha la pili, na sitapunguza sauti.

Kwaheri, Papa. Kaburi nitalipalilia.

Josée wako